Fundo la Wageni

Tiara ya Zenaida ilipoanguka mara ya pili, Valdir alijua kosa ni lake mwenyewe.

Alikuwa amesimama kwenye mchanga wa Ponta Preta, amekinga jua kwa mkono, anamtazama mkewe kule nje, mbali kupita mawimbi yanapovunjika. Tiara ya bluu, ile ya kumvuta mtu juu ya ubao baharini, ilinyanyuka majini, ikapanda nusu ya safari, ikasita, halafu ikaanza kurudi kinyumenyume mpaka ikajilaza tena baharini. Tiara iliyokosa upepo haianguki hivyo. Hiyo hushuka taratibu, kama mtu anayekwenda kulala. Inayorudi nyuma ni iliyokabwa, na aliyeikaba hii alikuwa Valdir.

Asubuhi, huko Santa Maria anakofundisha na kukodisha tiara, alikuja mgeni mmoja, mtu wa kitambi, akataka kujaribu tiara ya kukodi. Zote zilikuwa nje. Iliyobaki ni ya Zenaida, na Zenaida alishatangaza mbele ya watu kwamba tiara ni kama mswaki, haiazimwi. Lakini alikuwa amekwenda sokoni. Valdir akaitandaza upesi, akaifunga fundo la wageni.

Fundo hilo ni ujanja wa vijana wa ufukwe wa Santa Maria, wala hawalionei haya. Kamba za mbele zinabeba tiara, za nyuma zinaiongoza. Ukizifupisha za nyuma kidogo tu, mgeni akishika fimbo ya kuiendeshea hapo mchangani anasikia mvuto mkononi, anachekelea, anasema hii ina nguvu, nipe hii. Upepo ukiwa mzuri hakuna neno. Upepo ukilegea, tiara hiyo haipumui.

Mgeni alijaribu, akaghairi, akaenda zake kunywa kahawa. Valdir akaikunja tiara. Fundo akalisahau humo humo.

"Umegusa kamba zangu?" Zenaida alimuuliza aliporudi.

"Mimi? Nigusie nini?"

"Nakuuliza tu, baba. Leo upepo mwembamba, sitaki mchezo."

"Sijagusa."

Basi, Zenaida akamwamini. Hakuzilaza kamba mchangani kuzipima, kwa sababu fundi wa kamba ni mumewe, na mtu akiishi na fundi nyumbani atapima nini tena? Akaja zake Ponta Preta, mahali ambapo upepo unatoka nchi kavu. Mtu akishindwa kurudi hapo haletwi ufukweni. Anapelekwa nje.

"Mbona mwanangu haji?" aliuliza Nha Bia, mama yake Zenaida, aliyekuwa anauza pasteli, sambusa za samaki jodari, pale juu ya mchanga. Alikuwa amesimama, ndoo yake ameiacha wazi inaingia nzi, na Nha Bia si mtu wa kuacha ndoo wazi.

"Anapumzika, mama," Valdir alisema.

"Anapumzika baharini? Wewe mkwe wangu, mimi ni mzee, si mjinga."

Tói, mwenye boti ya uokoaji, alikuwa na simu sikioni. Boti yake yenyewe ilikuwa bandarini Palmeira, mashine imefunguliwa vipande vipande.

"Wenzangu wanasema wanakuja," alisema.

"Lini?"

"Wanasema wanakuja, Valdir."

Upepo ukalegea tena. Valdir aliusikia shingoni, ukimwacha kidogo kidogo. Miaka yote aliyofundisha watu, huku Ponta Preta alikuwa anaishia kwenye mawimbi. Nje ya hapo alikuwa anaogopa, na hakuna aliyejua ila mkewe.

Akakimbilia gari. Ndani mlikuwa na tiara mbili: ya mita kumi na saba, jitu zima lenye mabomba matano ya hewa, na ya mita kumi na mbili, ya kitambaa chepesi na bomba moja tu katikati.

"Kubwa!" Tói alipiga kelele. "Chukua kubwa, upepo hakuna!"

"Kubwa ni nzito."

"Wewe mwenyewe mzito! Hiyo ndogo itakubeba wapi?"

Tói alikuwa anasema anachosema kila mtu. Lakini kubwa inakaa juu pale upepo upo. Upepo ukikatika dakika moja, inashuka kama godoro lililolowa, na ukishaiangusha huko nje hainyanyuki. Ndogo nyepesi unaweza kuizungusha, ikajitafutia upepo wake yenyewe. Valdir akachukua ndogo, na ubao ule mpana wanaouita mlango. Akazipima kamba. Akazipima tena. Akazipima mara ya tatu, mpaka Tói akamnyang'anya moja akaifunga yeye.

"Kwani wewe unaogopa nini hasa?" Tói alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Ninazama hapa hapa mchangani, mchana kweupe, Tói. Irushe."

Akavuka mawimbi. Nyuma yake alimsikia Nha Bia akiita jina la binti yake, si lake.

Hofu ilimwambia aende moja kwa moja. Mkewe alikuwa mbele yake, kule upepo unakoelekea, nukta nyeusi kando ya kitambaa cha bluu. Nani angezunguka? Akaelekeza ubao kwake. Papo hapo kamba zikalegea, kwa sababu anayeikimbilia tiara yake anaiibia upepo. Tiara ikayumba. Mikono yake, bila kumuuliza, ikaivuta fimbo kifuani. Ndivyo mwoga anavyofanya: kinachomponyoka anakikaza. Tiara ikasimama hewani, ikaanza kurudi nyuma.

"Legeza," akajiambia. Maneno hayo alikuwa amewaambia watu wengi sana, akiwacheka. "Legeza mkono, mjinga wewe!"

Kuisukuma fimbo mbali naye ilikuwa kama kumwachia mtoto mkono barabarani. Akaisukuma. Tiara ikainama mbele, ikanusa upepo, ikachukua. Tangu hapo akaenda kwa kukatakata, huku na huku, kila upande ukimpeleka mbali na mkewe kabla ya kumrudisha. Alikuwa analia, wala hakuona aibu kulia, maana huko kulikuwa na nani?

Alipomfikia, nchi kavu ilikuwa mstari wa kahawia. Zenaida alikuwa amefumbata ubao wake, midomo imepauka, na mkono mmoja ulikuwa kwenye kifungo cha kiunoni. Alitaka kuiachia tiara kabisa, aogelee.

"Rudi!" akamfokea. "Unafuata nini? Upepo umekufa!"

Valdir asingeweza kusimama. Akisimama, tiara yake inaanguka, nao wanakuwa wawili. Ilibidi apite, ageuze, apite tena, na kila akipita aseme alichonacho.

"Usiiachie! Vuta utepe mwekundu! Uvute wote!"

Utepe mwekundu ni wa kupunguza nguvu. Akageuza. Aliporudi, mkewe alikuwa anamtazama kama mwehu.

"Nipunguze nguvu? Haipandi hivi ilivyo, nipunguze tena?"

"Vuta tu!"

"Valdir, kamba zangu ziko sawa, upepo ndio hakuna! Acha kunifundisha, nenda kaite watu!"

Akapita. Mbele yake kulikuwa na maji tu, ya bluu nzito isiyo na mwisho, na akaona kama angependa kuendelea hivyo hivyo asigeuze. Kumbe hofu zina ngazi. Alikuwa ameogopa bahari, akaogopa kumkuta amekufa, na sasa alikuwa anaogopa jicho la mkewe. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Yeye alikuwa amemlisha mkewe peke yake, tena kwa mdomo huu huu uliosema sijagusa.

Akageuza.

"Haziko sawa!" akapaza sauti hata ikapasuka. "Zina fundo la wageni! Nililifunga mimi!"

"Ulisema hukugusa!"

"Nilikudanganya! Zenaida, nilikudanganya, vuta utepe!"

Hakuweza kuuona uso wake, alishapita. Alihesabu pumzi zake, na alipogeuza hakuthubutu kuangalia. Kisha akaangalia. Mkono ulikuwa umetoka kwenye kifungo, umeshika utepe mwekundu, unauvuta mpaka mwisho. Kamba za mbele zikafupika, za nyuma zikapata kulegea. Tiara ya bluu ikatikisa maji, ikanyanyua bega moja, ikapanda. Ikafika pale ilipokuwa inasita kila mara. Ikasita.

"Legeza!" wote wawili walipiga kelele pamoja.

Zenaida akasukuma fimbo. Tiara ikainama mbele, ikapita pale, ikapanda juu kabisa.

Walirudi kwa kukatakata, muda mrefu wa kuchosha, upepo ukija na kuondoka. Mara mbili Valdir alidhani tiara yake inaanguka. Zenaida alikuwa mbele yake njia nzima na hakugeuka kumtazama.

Ufukweni Nha Bia aliingia majini na nguo zake zote. Alimshika binti yake, akampapasa kichwa, mabega, mikono, kama anayenunua kuku. Kisha akamgeukia Valdir, akamkumbatia pia.

"Mkwe wangu, nilikuwa nakusema vibaya," alisema huku akilia. "Leo umeniletea mtoto. Kula pasteli zote, kula ndoo nzima!"

Tói akampiga Valdir mgongoni. Watu wakapiga makofi. Valdir akamtazama mkewe, akingojea aseme. Alitamani aseme, alipuke, amtukane mbele ya watu wote.

Zenaida alipiga magoti penye kamba zake, akatafuta fundo, akalifungua kwa meno kwa vile vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akautema mchanga uliomwingia mdomoni. Kisha akaenda kukaa karibu na mama yake, akala pasteli moja.

Wako pamoja bado, na upepo mwembamba ukija wanakwenda Ponta Preta kama zamani. Ila kila asubuhi, kabla ya kuingia majini, Zenaida anazilaza kamba mchangani zote, ncha moja anaichukua yeye, ncha nyingine anamnyooshea mumewe. Hamuulizi tena kama amegusa. Valdir hungojea swali hilo kila siku, na jibu la kweli analo tayari mdomoni.

"Shika hapo," Zenaida anamwambia, macho yakiwa kwenye kamba.

Naye anashika.