Pikipiki ya Kunirudisha Kwetu

…na bado ananiambia nishike vizuri, shika hapo Mwanaima, usiachie, kana kwamba tangu juzi kuna kitu nimekiachia, nimeshika kiuno chake maili mia na zaidi tangu tulipotoka Mingoyo, nimeshika debe la petroli mapajani lisimwagike, nimeshika ulimi wangu tangu jana asubuhi Kitomanga, na sasa nashika gurudumu la nyuma la pikipiki yake kando ya barabara, jua la saa nne linanipiga kisogoni, Nangurukuru bado haijaonekana, naye mume wangu Fakihi amechuchumaa mbele yangu anauchomoa mpira wa ndani polepole kama mtu anayetoa utumbo wa mbuzi asiupasue, mikono ile ile ya fundi, haina haraka, haina aibu, ananiambia ni mwiba tu huu, tutauziba, adhuhuri tutaiswali Kivinje kwa mzee, inshallah… kwa mzee, anasema, kwa sauti ya mkwe mwema, na mzee ni baba yangu Abdurahmani, ambaye saa hizi labda yuko uani anachonga mpini wa jembe na hajui kwamba binti yake analetwa kama chungu kilichovuja kinavyorudishwa kwa mfinyanzi… na nilivyofurahi mimi, hilo ndilo linaloniunguza, angenipakia kwenye lori juu ya magunia nikalia njia nzima ningejua hasira yangu niiweke wapi, lakini huyu amenipa siku ambazo sijapata kuwa nazo tangu nizaliwe, wiki iliyopita aliponiambia tufunge safari ukawasalimu wazazi, mimi na wewe tu, kwa pikipiki, nilicheka nikadhani mzaha, hii pikipiki aliitoa Nachingwea, ule mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa na matrekta yakaachwa yaote kutu, mafundi wakaambiwa kazi imekwisha, wenzake wakarudi na mabati na misumari, yeye akarudi anasukuma mifupa ya pikipiki, akaifufua nyuma ya nyumba yetu mwaka mzima, na aliyemsugulia mnyororo kwa mafuta ya taa mpaka kucha zikawa nyeusi ni mimi, mama yake akipita anasema, wenzio wanasugua vichwa vya watoto, wewe unasugua chuma.

Anasema lete maji, namsogezea kibuyu, anamimina kidogo kwenye bakuli letu la kulia, anauzamisha mpira, anatafuta mapovu… juzi pale tulipoiacha Lindi nyuma alisimamisha chini ya mikorosho, akanitolea suruali yake ya kazi akasema ivae chini ya kanga, ukae kama mwanamume, kukaa upande utaanguka, nami nikaona haya, nikavaa, na kila kijiji kikikaribia anapunguza mwendo, nashuka, nafunga kanga vizuri, nakaa upande kama mke wa mtu, tukishatoka kijijini nageuka tena, tukawa tunacheka kwa mchezo huo mpaka Mchinga, akanifundisha, kona usiipinge, lala nami ninapolala, mchangani usikaze mwili, iache itafute njia yenyewe, na pale barabara ilipojikunja kama bati akaongeza mwendo badala ya kupunguza, nikashangaa, kumbe ukienda polepole ndipo inapokutikisa meno, ukikimbia unapita juu juu, nikajifunza yote, maili thelathini mwili wangu ulikuwa umejua ataelekea wapi kabla hajaelekea… uongo, ulijua nini mwili wangu, haukujua lolote, ulikuwa unalala kulia na kushoto pamoja na mtu anayekwenda kuutua kama mzigo… na Mchinga maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mgumu kama sakafu, akanishusha akasema kaa mbele wewe, akaniwekea mkono kwenye klachi, achia kidogo kidogo, nikaachia, ikaruka, ikazima, nikaachia tena, ikaenda, ikaenda kweli, akawa anakimbia ubavuni kwangu kanzu ameikunja kiunoni, halafu hakuwepo tena, amebaki nyuma, nilikuwa peke yangu na upepo na chumvi mdomoni na kitu kizima kinanguruma chini yangu kwa sababu mimi nimetaka kingurume, nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi, na niliporudi machozi yananitoka yeye alikuwa amesimama ananitazama kwa namna ambayo nilidhani ni mapenzi.

Umepatikana, anasema, unaona mapovu hayo, weka kidole hapo. Naweka kidole. Tundu dogo hivi, sindano ya kushonea haipiti, na limetusimamisha… jana asubuhi Kitomanga tulikuwa kwa mwenzake wa kazi ya karanga, wamekaa nje na kahawa, mimi ndani nafunga mizigo, ukuta wa makuti, na ukuta wa makuti hausitiri neno, mwenyeji akamuuliza mbona safari yenyewe ya ghafla, na Fakihi akasema, sauti yake hii hii ya kutafuta mapovu, akasema namrudisha kwao, miaka mitano nyumba haina mtoto, mama amenichoka, posa imeshakwenda Mtama, nikishamkabidhi kwa mzee nitaandika talaka huko huko, sitaki kelele za Mingoyo… nilikaa juu ya mzigo. Sikulia. Nilichukua ndoo nikatoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kisimani, nikasema nitajitia maji usoni, na kisimani akanijia mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni, akanitazama suruali iliyochungulia chini ya kanga, akaniuliza kwa upole kama ni mimi mke wa Fakihi aliyekuja na pikipiki, nikasema ni mimi, akanishika mkono, akasema jina lake ni Esha… Esha ninamjua kwa jina, mke wake wa kwanza, nilipoolewa niliambiwa aliachwa kwa kuwa ni tasa, nimemhurumia Esha miaka mitano, nimemwombea dua Esha, na huyu hapa ana mtoto mgongoni anayetafuna kanga ya mamake kwa meno mawili mapya, nikamuuliza huyu wa nani, akasema wangu, wa tatu huyu tangu niolewe hapa, wawili wako kwa bibi yao. Akanitajia majina na umri wa wote watatu. Halafu akasema, "Mimi alinirudisha kwa lori la chumvi. Wewe umepata pikipiki." Hakucheka, nami sikucheka, akanijazia ndoo yangu kabla ya yake.

Na jana nzima nilikaa nyuma ya mgongo huu nikiutazama, jasho limechora ramani kwenye kanzu, nikisema sasa hivi nitamwambia, sasa hivi, na barabara ikawa nzuri, hilo nalo linaniudhi, barabara haina habari na mtu, tulipoteremka Mbwemkuru ubaridi wa mto ulipanda ukanipiga kifuani nikajisikia vizuri kwa lazima, maji ya kiangazi yalifika magotini, tukaisukuma pikipiki pamoja, yeye usukani mimi nyuma, akateleza nikamdaka, akasema bila wewe leo ningeizamisha, nami kwa upumbavu moyo ukafurahi kabla akili haijaukumbusha… na Kiranjeranje akaninunulia ndizi za kuchoma, akanichagulia zisizoungua, nikazila huku nahesabu mizizi, mizizi ya mganga wa Mnazi Mmoja ya Lindi iliyonitapisha siku tatu, kombe la aya nililokunywa Ijumaa baada ya Ijumaa, zile dawa za kufukizwa hadi ngozi ikababuka, na yule sista wa hospitali ya misheni aliyenipima akasema mama huna kasoro ninayoiona, mlete na mumeo, nikaja nyumbani nimechangamka nikamwambia twende, akalipindua bakuli la ugali, mara ya pekee katika miaka mitano aliyonipandishia sauti, nami nikaomba radhi, mimi, nikaomba radhi, nikakusanya ugali kwa mikono…

Anaukausha mpira kwa ncha ya kanzu, anatafuta msasa mfukoni, anasema baba yako goti lake linaendeleaje siku hizi, na ndipo nasikia kinywa changu kinasema Fakihi, jina lake tupu, sijapata kumwita hivyo, mbele ya watu namwita mwenye nyumba na tukiwa wawili namwita wewe, naye ananyanyua uso. "Esha anakusalimu," namwambia. "Mtoto wake wa tatu ameota meno mawili."

Hakuuliza Esha yupi. Nilingoja ashtuke, akane, anipige hata kibao ili nipate pa kuanzia, lakini aliinamisha kichwa akaanza kuusugua mpira kwa msasa, kuzunguka lile tundu, akasugua mpaka ukawa mweupe na bado anasugua, nikamwambia utauchana, akaacha. Akasema anajua. Nikamuuliza unajua nini. Akasema alipozaliwa wa kwanza alisikia, akajiambia huenda ni bahati ya mtu. Nikamuuliza na wa pili. Akapuliza vumbi la mpira, akasema, "Wa pili nikajua ni mimi." Wa pili… nilimwona jinsi alivyosema, bila kunitazama, na mimi nikawa napiga hesabu, Esha alinitajia umri wao, wa pili ametimiza miaka mitatu, miaka mitatu, basi makombe yale yote alikuwa anajua, ameniona natapika uani, amenishikia kichwa nitapike, akanipa maji ya kusukutua, na alikuwa anajua… naona mikono yangu bado imeshika gurudumu na imeshika sana, spoku zimenikata viganjani, nataka kulinyanyua nimtwange nalo, wallahi nataka, na yeye anaendelea, sauti ya chini, kwamba mama yake hawezi kusikia neno kama hilo, kwamba mwanamume akitajwa hivyo Mingoyo hana pa kukaa barazani, kwamba mwanamke ataolewa tena lakini yeye ataozwa na nani, na kisha anasema, na hili nadhani alilisema kwa wema, kwamba ndiyo maana alitaka angalau nifurahi njiani.

Angalau nifurahi njiani… kwa hiyo ule ufukwe wa Mchinga ulikuwa malipo ya jina langu, nikimbize pikipiki kidogo kisha niingie kwetu tasa, mama anipokee kwa kilio, wifi zangu wanifundishe kukaa na aibu, mpaka apatikane mzee mwenye wake wawili anihurumie… na bado ule upepo ulikuwa wangu, hakunipa yeye, aliachia mkono tu, aliyeachia klachi ni mimi, siwezi kuutapika kwa sababu ameutia sumu, ule nitaondoka nao. Nikamuuliza na huyo binti wa Mtama naye siku yake ikifika utamrudisha kwa nini, kwa ndege. Amepaka solusheni, anaipuliza ikauke, kiraka kimekaa kwenye kidole chake cha shahada, duara dogo jeusi, na midomo yake inayopuliza imepauka vumbi, naiona, miaka mitano iliyopita ningeifuta kwa kanga. Namwambia talaka yako nitaipokea, lakini jina la tasa silipokei. Namwambia utakaa mbele ya baba na mama, mimi nimekaa hapo hapo, na utasema uliyoniambia hapa, la mtoto wa kwanza na la mtoto wa pili, na kama ulimi utakushinda nitasema mimi, na ninajua kijiji, ninajua kisima, ninajua majina ya watoto wote watatu. Sauti yangu haikupanda. Nilidhani hasira ikitoka itatoka kama ule ukelele wa ufukweni, kumbe imetoka imenyooka, kama uzi unaopita tundu la sindano, na kila neno lilijua mahali pake.

Akakaa chini kabisa, mchangani, kanzu na yote. Upande wa Nangurukuru anakuja mzee na baiskeli ya mihogo, tunamwamkia kwa mbali wote wawili kama mke na mume, shikamoo, marahaba, poleni na pancha, tumeshapoa, akapita. Alipokwisha kupita Fakihi akasema tugeuze, Mwanaima. Hivyo tu. Tukiziba hii tunaweza kugeuza, jioni tutalala Kiranjeranje, Mtama nitatuma mtu kuvunja maneno, tutakaa wewe na mimi, mama nitamzoeza, hakuna atakayekugusa… na jana asubuhi, kabla sijachukua ile ndoo, ningemwangukia miguuni kwa maneno hayo, ningevaa suruali yake nikapanda nikamshika kiuno, na hata sasa mwili wangu, mjinga huyu, umeshaanza kuona barabara inavyorudi, Mbwemkuru na ubaridi wake, ufukwe, kona zile, kulala naye anapolala… lakini tukageuze turudi kwenye nini, kwa mama yake anayenipimia wali kama mgeni aliyezidisha siku, kwa mganga mwingine, mizizi mingine, mimi nimefunika siri yake kwa tumbo langu mpaka nizeeke, na yeye kila jioni ananishukuru kwa kunichagulia ndizi zisizoungua. Namtazama mtu huyu na kiraka chake kidoleni, nampenda bado kidogo, hilo silikani, na halibadilishi kitu. Anangoja. Solusheni imeshashika vumbi pembeni. Namwambia, "Ziba, twende kwa baba."