Waliomwombea Fundi kwa Kukosea

Fundi wa paa aliteleza juu ya nyumba ya watu akavunjika mguu. Alipozinduka wodini, akakuta simu yake ni nzima kuliko yeye. Haikumfaa kitu. Mke alikuwa mbali akimuuguza mama yake, na ndugu zake kila akiwapigia walikuwa "njiani".

Akamwomba Mungu. Akaomba tena. Mwishowe akaitazama dari, akasema, "Sawa. Umeninunia, na mimi nimekununia. Tuone nani ataanza."

Mgonjwa wa kitanda jirani akajivutia shuka. "Kaka, radi ikija, ielekeze vizuri. Mimi sina ugomvi naye."

Saa ya kutazama wagonjwa, wakaingia kina mama wa maombi, vilemba vimekazwa kama vya kwenda vitani. Wakamzunguka fundi, aliyejifunika shuka hadi puani, wakafumba macho kabla hajafungua mdomo.

"Baba, mtazame mtumishi wako, mwalimu wa kwaya! Mrudishie sauti!"

"Samahani, mama zangu…"

"Imeanza kurudi!" mmoja akapaza. "Haleluya!"

Fundi akanyamaza, asije akazidisha muujiza. Wakaliombea koo lake, wakakikemea kikohozi asichokuwa nacho. Mkono mmoja mkavu, uliozoea kufua, ulimshika bega. Tangu aanguke, hakuna aliyemgusa ila nesi wa sindano. Machozi yakamjia, akayazuia, yakakaidi.

Baada ya amina, macho yakafumbuliwa.

"Huyu siye," akasema bibi mwenye miwani, kiongozi wao.

"Mwalimu karuhusiwa asubuhi," jirani akasema. "Katoka anaimba."

Wodi nzima ikaangua kicheko, nesi akashikilia ukuta. Fundi naye akacheka, mguu ukamuuma, akalia, akacheka tena.

"Basi haya maombi mtaondoka nayo?"

"Yakishatoka mdomoni hayarudi, mwanangu," bibi akasema. "Wewe kinakuuma nini?"

"Mguu, mama. Na…" Akaitazama tena dari. "Naona Mungu kanisahau."

"Akusahau na kelele zote unazompigia?" jirani akadakia.

Bibi akavuta kiti. "Nilipofiwa na mume wangu, nami nilimnunia. Mengine sijayaelewa mpaka leo. Lakini kila nikigeuka, namkuta palepale. Nuna, mwanangu, ila usihame."

Wakarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Mguu haukupona kwa muujiza. Ulijiunga polepole, kwa mwendo wake, huku ukimwasha ndani ya plasta asipoweza kujikuna. Lakini fundi akaanza tena kusema na Mungu, kwa sauti ya chini, kama mtu ajuaye kuwa anasikika.

Siku kaka yake mkubwa alipotokea, hakupata pa kusimama kwa wingi wa kina mama. Akabaki mlangoni, kofia mkononi.

"Niliona haya kuja mikono mitupu," akasema.

Fundi alikuwa amemwandalia maneno makali, mengi, tena kwa mpangilio. Akayatafuta, hakuyaona.

"Njoo ukae hapa kitandani, kaka," akasema. "Ila usiukalie mguu."