Tone la Iodini kwenye Maziwa ya Mama

Kila mwaka nafundisha kipimo cha wanga kwa namna ileile. Nadondosha iodini kwenye mkate, unageuka mweusi kwa sababu una wanga. Kisha nadondosha kwenye maziwa, hayageuki, maana maziwa hayana wanga hata chembe. Maziwa yenyewe natoka nayo nyumbani. Mama yangu anayauza, na mtaa mzima unayasifu kwa uzito wake.

Jana nilidondosha tone moja, maziwa yakawa meusi tii.

Nilipigwa na butwaa. "Iodini imeharibika!" nikafoka, kana kwamba kuna aliyebisha. Nikaosha kisahani, nikajaribu upya. Meusi! Yaani mama yangu, aliyenichapa kwa kudokoa sukari, anatia maji kwenye maziwa halafu anaurudisha uzito kwa unga?

Binti wa dawati la mbele akafungua chupa yake.

"Tujaribu na haya yangu, Mwalimu."

Nikadondosha. Yakawa meusi vilevile.

"Mmeyanunua wapi haya?" nikauliza.

Akanishangaa. "Si wewe ndiye uliyetuambia tununue kwa mama yako?"