Attracta na Chuma cha Kwao

Roscommon nzima, huku kwetu Ireland, hakuna anayetunza siri kama mimi. Hii ya Attracta nimewaambia watu wachache tu, na mmoja wao ni padre, kwa hiyo huyo hahesabiki.

Asubuhi ile Attracta Geraghty alikuwa amekaa kwenye kitanda cha hospitali, gauni la wagonjwa limemwacha mgongo wazi, akisubiri kupelekwa kupasuliwa, apunguzwe tumbo la chakula ili akonde. Zamu hiyo ameingoja miaka. Yeye ndiye msafishaji wa kanisa letu, na juzijuzi alipiga magoti kubandua nta ya mishumaa chini ya benchi, akakwama, mpaka waumini wa misa walipofika kumvuta. Padre akasema, kwa upole wake, kwamba labda atafutwe mtu mwembamba kidogo.

Kilichomkausha mate hakikuwa kisu. Ni ule ugonjwa wa kwao wa chuma. Watu wa ukoo wao wakila, mwili unang'ang'ania chuma chote cha chakula na kukirundika kwenye ini, na dawa yake ni kutolewa damu kila mara. Ndio uliomzika kaka yake, Malachy. Attracta mwenyewe hajawahi kupimwa. Na daktari alishasema: mwenye chuma kwao hapasuliwi mpaka ini lichunguzwe. Maana yake, arudi mwisho wa foleni.

Akaja Nesi Concepta, mama mtu mzima, kwa maswali ya mwisho. Kuna mwenye ugonjwa wa chuma katika familia?

"Hakuna, Sista." Sauti ilitoka nyembamba, haikufanana na mwenyewe.

Nesi akaandika. Kisha, kwa kuwa kwetu hata jino haling'olewi mpaka ijulikane wewe ni wa kina nani, akaanza kumchimba. Geraghty wa wapi? Attracta akasema hilo jina la mume. Na kwao? Akasema Dublin, tena alizaliwa peke yake.

"Peke yako kabisa?"

"Hata binamu sina, Sista."

Nesi akavua miwani, akaifuta polepole.

"Malachy Tuohy nilimtoa damu miaka na miaka," akasema. "Alikuwa akinitania ati naenda kuinywa. Alipokufa nikapanga foleni kanisani kama wengine, nikawapa pole wafiwa mmoja mmoja. Mkono wa pili kuushika, mwanangu, ulikuwa wako."

Attracta akaiingiza mikono yote miwili chini ya shuka.