Ndundu Nyuma ya Ghala

Mwaka ule wa korona mikutano yote ilikatazwa, isipokuwa ile ya kupanga namna ya kukatazana. Ndiyo sababu asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, kamati ya wadi yetu, huku juu ya Manyatta, ilituita kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa tujadili habari ya soko. Amri ilikuwa imetoka kaunti. Soko letu la kando ya barabara lilikuwa limebanana mno, kwa hivyo lihamishiwe mahali penye nafasi au lifungwe kabisa.

Mimi naitwa Lydiah. Nauza ndizi, nduma na maharagwe, na kwa huu mdomo wangu nauza pia vitu vya wenzangu wasiojua kuita wateja. Mgongo wangu haujawa mzuri tangu nilipoteleza na gunia la viazi, lakini njia ya kutoka kwangu hadi sokoni ni tambarare, na nikishakaa juu ya kreti yangu maumivu yote nayasahau. Wengine huenda sokoni kutafuta riziki. Mimi hutafuta riziki na watu. Siku nilizowahi kukaa nyumbani nilizungumza na kuku mpaka wakaanza kunikwepa.

Mahali pa kuhamia palikuwa pawili tu. Pa kwanza ni uwanja huohuo wa kiwanda, mpana na tambarare, msimu mkubwa wa kahawa ukiwa bado mbali. Pa pili ni josho la zamani la ng'ombe, bondeni kando ya mto, ambako njia yake ikinyeshewa hata mbuzi husimama kwanza akafikiri. Nasi tulikuwa katikati ya masika. Soko likienda joshoni, mimi ningeacha biashara. Nilikuwa nimejipima. Kushuka na mzigo ningeshuka, hata kama ni kwa makalio, lakini kupanda nisingepanda. Jambo hilo niliwaambia watu wawili tu: Igoki, jirani yangu wa sokoni anayeuza viazi, na mume wangu.

Mume wangu ni Nyaga, naye ni mwanakamati. Ni mtu mpole, hajawahi kumfokea hata ng'ombe anayepiga ndoo teke. Nilipomweleza habari ya josho na mgongo wangu alisema, "Nimesikia," akaendelea kuvaa gambuti zake. Nilingoja neno la pili, halikuja.

Sasa huwezi kuelewa uchungu wangu bila kujua ndundu ni nini. Huku kwetu jambo zito haliamuliwi mbele za watu. Wazee husikiliza kila upande, kisha husimama, husogea kando, huinamisha vichwa pamoja na kunong'onezana. Hiyo ndiyo ndundu. Wakirudi, mwenyekiti husema, "Tumekubaliana," na mambo yameishia hapo. Haiulizwi nani alisema nini. Hata mke haulizi, au tuseme hatakiwi kuuliza, maana mimi nimeuliza kila mara.

Niliuliza tulipoomba choo cha soko tukanyimwa. Niliuliza tulipoomba paa, tukaambiwa tuendelee kutumia miavuli. Nyaga alinijibu neno lilelile, "Tulikubaliana," nami nikampa chai iliyopoa. Niliwaambia wenzangu kwamba mume wangu akienda ndundu huacha ulimi nyumbani, umening'inia msumarini pamoja na kofia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nimeishi na hicho kimya tangu nikiwa msichana, na mshindo wenyewe nilikuwa sijausikia.

Basi tukafika uwanjani. Jedidah, afisa wa afya, mwanamke mwembamba asiye na mzaha, alikuwa amechora maduara ya chokaa kwenye nyasi, kila mtu na duara lake. Tulinawa mikono kwa sabuni, tukavaa barakoa, nyingine zimeshonwa kwa vitambaa vya mapazia, hata ungemtambua mtu kwa sebule yake. Igoki alikaa duara la pili kutoka langu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hatukuweza kusengenya mtu.

Mbele walikaa wanakamati. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ishmael, mtu aliyekula chumvi nyingi na anayeheshimiwa na kila nyumba, ila masikio yake yameanza kustaafu. Pembeni yake alikaa Nthiga, mwenye kinu cha kusaga mahindi kule bondeni, jirani kabisa na josho. Halafu Nyaga wangu, na wazee wengine wawili ambao kazi yao ni kuitikia. Mwanamke pekee wa kamati alikuwa amekwama Nairobi, alikoenda kumwona mjukuu, barabara zikafungwa akiwa hukohuko.

Baada ya maombi Nthiga alisimama akalisifu josho kwa muda mrefu. Alisema kuna maji karibu, kuna upepo wa mto, na kwamba ugonjwa huu haupendi upepo wa mto. Kinu chake hakukitaja hata mara moja. Igoki akajibu kwa niaba yetu, akaeleza mlima na matope, akasema wengi wetu si wasichana tena. Jedidah alipoulizwa alisema kwa upande wa afya mahali popote kati ya hapo pawili pangefaa, mradi watu wasibanane. Basi mambo yakabaki mikononi mwa wazee.

Mzee Ishmael akainuka, akaomba tuwape nafasi kidogo, nao wote watano wakazunguka nyuma ya ghala la kahawa. Jedidah akawakumbusha kwa nyuma kwamba umbali ni uleule hata huko, na kwamba barakoa zisishuke. Nilimtazama Nyaga akipotea kwenye kona ya ghala, mabega yameinama, mikono nyuma. Nilijiambia, haya Lydiah, anza kuaga kreti yako.

Sasa, mtu asiyeonekana hudhani pia hasikiki. Ghala lile ni la mabati matupu, na siku hiyo ndani hamkuwa na hata gunia moja. Kwanza tulisikia mnong'ono, halafu sauti ya Mzee Ishmael ikatujia safi kama ya mhubiri.

"Nini?"

Nthiga akarudia kitu.

"Ongea na nguvu. Na hii kitambaa siwezi ona mdomo yako."

"Nasema josho ni mzuri, Chairman!"

Uwanja ukatulia kama maji mtungini. Ndipo nilipong'amua. Siku zote huinamisha vichwa pamoja, na leo vichwa vilikuwa vimetenganishwa kwa amri ya serikali. Jedidah alifungua mdomo kuwaonya, maana ni mtu wa kanuni. Igoki akaweka kidole cha kunyamaza juu ya barakoa yake mwenyewe, na Jedidah, Mungu ambariki, akageuka akaanza kuhesabu vipande vya sabuni.

Nthiga alilipigia josho kelele mpaka likaeleweka. Wale wawili wakaitikia. Kisha nikasikia sauti ambayo huwa naijua ikiomba chumvi.

"Chairman, kwa heshima, mimi ningeonelea, tukiangalia hali ya barabara kwa msimu kama huu..."

"Nini?"

"Hiyo mlima ni mbaya, Chairman! Hawa wamama watapanda aje na mizigo?"

"Bado. Sema tena."

Kukawa kimya kidogo, na mimi nikajua kimya hicho. Nikasema moyoni, ameshakata tamaa, sasa ataitikia. Lakini mume wangu akavuta pumzi, nikaisikia hata hiyo pumzi, akapaza sauti ambayo sijui alikuwa ameificha wapi.

"Bibi yangu ako na mgongo mbaya! Mkipeleka soko huko chini ataacha! Na akiacha soko atakufa moyo, hata kama yeye mwenyewe hawezi kubali! Mimi nasema hapana!"

Watu wote wakageuka kunitazama, kila mmoja kutoka kwenye duara lake. Mimi nilitazama viatu vyangu. Uso ulikuwa unaniwaka, na nilishukuru barakoa kuliko siku zote.

"Nyaga," Mzee Ishmael akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa kweli, "mbona hujawahi sema maneno kama haya?"

"Nilisema! Ile siku ya choo nilisema. Ile ya paa nilisema mara mbili. Mkaniambia tumekubaliana."

Ndege mmoja alitembea juu ya mabati, tukasikia hata kucha zake. Halafu mzee akasema, kwa upole lakini bado kwa nguvu, maana asiyesikia hajui kupunguza:

"Mimi sikuwa nasikia. Nthiga ndiye husimama hii upande ya sikio nzima."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na vyote viwili vikanijia pamoja chini ya kile kitambaa cha pazia. Nilikumbuka vikombe vya chai iliyopoa. Nilikumbuka maneno yangu ya sokoni, ulimi na msumari, na jinsi wenzangu walivyocheka. Na yeye miaka yote alikuwa anasema, anashindwa, anakuja nyumbani, ananyamaza kwa sababu ndivyo ndundu inavyotaka. Nilimpenda wakati ule, nalisema wazi, kama sijampenda tangu alipokuja kwetu na wazee wake.

Walipotokea kwenye kona ya ghala walitukuta tumekaa kwa adabu, tunatazama mlima kana kwamba hatujawahi kuuona. Hakuna aliyetupanga. Ndundu iliyosikika ni kama kumkuta mzee akioga mtoni. Unageuza uso, unapita, na wala humwambii mtu.

Mzee Ishmael akasimama, akakohoa kidogo, Jedidah akaruka, mzee akamwambia ni kikohozi cha kawaida.

"Tumekubaliana," akasema. "Soko litakuja hapa kwa kiwanda mpaka ugonjwa iishe. Na wamama watatumia choo ya kiwanda. Halafu ile maneno ya choo ya soko, hiyo tutaiangalia upya. Nafikiri kuna mahali haikusikika vizuri."

Igoki alishika kifua kama mtu aliyepata habari mpya. Tulipiga makofi, Nthiga naye akapiga, angefanyaje. Nyaga alikaa palepale mwisho wa benchi na kutazama mikono yake, na alipoinua macho yakakutana na yangu, akayashusha kama kawaida yake. Kwa ile barakoa sikuweza hata kutabasamu akaona.

Jioni nilifika nyumbani kwanza. Nilikamua ng'ombe mwenyewe, ingawa ni zamu yake, nikabandika chai, nikaikwaruza tangawizi mpaka vidole vikawasha. Alipoingia alitundika kofia msumarini. Nikamuuliza swali langu la siku zote, kwamba wamesemaje huko nyuma ya ghala.

"Tulikubaliana," akajibu.

Lakini sauti ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki kama ya jogoo mchanga. Akajishika shingo, nikaona hofu machoni pake.

"Mama Kaari, koo imekauka tangu mchana. Isije ikawa ni hii korona."

"Si korona, Baba Kaari."

"Umejuaje?"

Nilimwekea chai mbele, maziwa mengi, mvuke unapanda, katika kile kikombe cha maua ambacho hutoka kabatini akija mchungaji tu. Nyaga akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Akatazama tangawizi vidoleni mwangu. Ni mtu wa polepole, lakini akianza kufika mahali hufika.

"Hiyo ghala ya kiwanda," akauliza, "ukuta yake ni ya nini?"

"Mabati," nikamwambia.

Akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemwaibisha, nikainuka kumshika. Kumbe alikuwa anacheka bila sauti, maana sauti alikuwa ameimaliza yote kwa ajili yangu.

"Wote walisikia?" akanong'ona.

"Wote. Hata Jedidah."

"Na wewe?"

"Mimi nilisikia kuliko wote," nikasema, nikaketi karibu naye. "Kunywa chai kabla haijapoa."

Akanywa, nami nikammiminia tena.