Namba ya Nyuma

Mimi sina subira, na mama yangu alijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa miaka mitano nilimbembeleza ahame Kiberege aje kukaa na mimi Mlabani, Ifakara mjini, na kwa miaka mitano alikataa kwa sababu ya kipande cha bati. Namba ya gari. Zile nyeusi za zamani, herufi nyeupe zimevimba juu ya bati: TDF 418. Aliitundika ukutani juu ya kichwa cha kitanda chake, mahali ambapo Wakatoliki wenzetu huweka msalaba. Msalaba alikuwa nao pia, lakini huo aliupeleka mlangoni.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikikatisha utasema mama alikuwa mwehu.

Masika ya mwaka sabini na tisa dada yangu Restituta, miaka tisa, alishikwa na homa mpaka akawa anaweweseka. Kampuni moja ya mbao huko Mang'ula ilikuwa na Landrova, na dereva wake, Msukuma mmoja mpole aitwaye Nkwabi, alikuwa anapita kwenda Ifakara. Akakubali kumpeleka mtoto hospitali. Baba alikuwa msibani Mahenge. Mama hakuweza kupanda gari kwa sababu alikuwa amejifungua siku tatu tu zilizopita na hali yake ilikuwa mbaya. Aliyezaliwa ni mimi.

Huko alikotoka mama, mtu akimvusha mgonjwa wako mto huacha kitu chake kwako, jembe au shoka, mpaka siku ya kumrudisha. Ni rehani. Mama akamwambia Nkwabi hatoi mtoto bila rehani. Nkwabi hakuwa na jembe. Alitoa bisibisi, akazunguka nyuma ya gari, akafungua namba, akamwekea mama mkononi.

"Nitaifuata hii, mama," alisema, "na nikija nitakuja na mwanao."

Kesho yake Landrova ilikutwa katikati ya mto Lumemo, maji yamefika usawa wa madirisha. Milango yote imefungwa. Waliofungua walisema viti vilikuwa vikavu, na ndani hamkuwa na mtu. Walitafuta wiki nzima mpaka chini kabisa huko mto unakomwaga maji Kilombero, wasipate hata kiatu. Kampuni ikalivuta gari lake, ikachonga ubao, ikaupaka rangi na kuupigilia nyuma badala ya ile namba, kazi ikaendelea.

Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ilikuwa kinyume, asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kila kitu. Kila Pasaka mama alishona magauni mawili, la Resti kwanza, langu kwa mabaki ya kitambaa. La Resti halikukua, lilibaki la miaka tisa. Chakula cha Krismasi kiliwekwa sahani ya ziada na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Siku ya Komunyo yangu ya kwanza mama alitoka kanisani kabla sijafika mbele, kwa sababu alisikia gari nje. Nilimwonea wivu dada yangu, nasema wazi. Kumwita marehemu ilikuwa marufuku, na mimi moyoni nilimzika kila siku.

Baba alikufa, mimi nikaolewa, nikaachika, nikafungua mashine ya kukoboa mpunga Mlabani, nikajenga nyumba ya vyumba vitatu. Kimoja ni cha mama, nilikipaka rangi mwenyewe. Nilitaka anisikie mimi nikikohoa asubuhi, anigombeze mimi, aulize mimi nimekula nini. Masika yaliyopita ukuta wa jikoni kwake ukaanguka. Nikaenda mbio, nikafoka, nikalia. Yeye akanijibu taratibu kwamba Nkwabi atamleta mtoto pale pale alipomchukua, na je, wakikuta nyumba tupu?

Wiki mbili baadaye akaja Mudathiri.

Mudathiri anauza vipuri mjini, duka la baba yake hilo, na ana ugonjwa wa magari ya zamani. Alikuwa ameikuta ile Landrova ya kampuni imelala kwenye banda Mang'ula, kuku wanatagia ndani, akainunua, akaifufua kwa mwaka mzima. Alikuja mashineni kwangu baada ya kuambiwa na mtu kwamba kwetu kuna namba. Alivyozungumza, jamani, ungedhani anatafuta mke. Gari la zamani, alisema, unaweza kulipaka rangi mpya, kulibadilisha injini, viti, taa, kila kitu, lakini namba liliyozaliwa nayo haipatikani dukani. Watu walipopewa namba mpya za njano walizitupa hizi, wengine wakazibia mabanda. Gari lenye namba zake mbili, ya mbele na ya nyuma, matundu yake yakiwa yanalingana na matundu ya bodi, hilo watu hutoka Dar na Nairobi kuja kulitazama tu. Barabarani angeendelea kutumia ya njano kama sheria inavyotaka. Alitaka nyeusi kwa maonyesho, na kwa roho yake. Ya mbele alikuwa nayo. Akanitajia bei ya ile ya nyuma, nikacheka, maana mama asingeiuza hata kwa shamba zima la mpunga.

Ndipo shetani akanipa akili. Rehani haiuzwi, lakini hukombolewa. Kama gari lenyewe litafika mlangoni, lichukue namba yake, basi shauri limekwisha na mama hana tena cha kusubiri. Nilimwambia Mudathiri kwamba mama hataki pesa, alete gari tu. Akauliza kama mama anajua kwamba dereva hayupo. Nikamwambia aniachie mimi mama yangu.

Jumamosi, saa tisa alasiri, mvua imekatika na jua limewaka, Landrova ikaingia uani kwa mama. Mudathiri alishuka, akaamkia shikamoo kwa adabu zake zote. Mama alikuwa ameshalifuata gari. Alilizunguka gari polepole, mkono juu ya bodi, mpaka akarudi aliposimama mwanzo. Madirisha ya nyuma yalikuwa na mapazia, ndani hakikuonekana kitu.

"Limekuja kuchukua namba yake, mama," nilisema.

"Na mtoto?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema kweli, kwamba mtoto amekufa tangu nikiwa na siku tatu na kwamba mimi hapa ndiye aliyebaki. Lakini niliona anavyoyatazama yale mapazia, sura ambayo sikuwahi kutazamwa nayo maisha yangu yote, na hasira ikanipanda. Nilitaka yaishe.

"Yumo," nikasema.

Mama aliingia ndani, akatoka na namba, akampa Mudathiri kwa mikono miwili. Mudathiri hakunitazama. Alipiga magoti nyuma ya gari, akaondoa ile ya njano, akaiweka nyeusi mahali pake. Matundu yalilingana. Hata mkwaruzo wa zamani ulioanzia kwenye bodi uliendelea juu ya bati bila kukatika, na yeye akasahau uongo wangu, akawa anacheka peke yake kwa furaha. Skrubu ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu.

Ya nne ilipokazwa, gari likainama nyuma.

Liliinama kidogo tu, na springi zikalia, vile vile linavyofanya mtu anapopanda. Mudathiri alirudi nyuma kwa makalio. Nikamwambia ni tairi. Akazishika tairi zote mbili, zilikuwa zimejaa upepo, akanitazama, na mimi nikatazama pembeni.

Mama alifungua mlango wa nyuma. Viti vilikuwa vipya, bado na nailoni zake, na hapakuwa na mtu juu yake. Lakini harufu iliyotoka ilikuwa ya tope la mto. Mama hakuingia. Aligeuka, akalipa gari mgongo, akainama, akatandaza kanga nyuma yake kama mtu anayepokea mtoto mgongoni. Alingoja. Kisha springi zikalia tena, gari likanyanyuka, na mama akayumba mbele hatua moja kwa uzito.

Alifunga fundo kifuani. Kanga ilikuwa imejaa. Sitaki kubishana na mtu juu ya hili: ilijaa, ikavutika kwenda chini, na ilikuwa imelowa. Matone yalidondoka kwenye visigino vyake njia yote mpaka mlangoni.

"Umekuwa mzito, mwanangu," nilimsikia akisema. "Nani alikuwa anakulisha?"

Mlango ukafungwa. Mudathiri aliyekuja na kamera mbili hakupiga hata picha moja. Aliwasha gari akaondoka, namba ya njano akaiacha kwenye nyasi. Mimi nilisimama pale uani mpaka jua likaanza kushuka, nikisikia ndani mama akiimba, na sikuthubutu kubisha hodi kwenye nyumba niliyozaliwa. Nikapanda gari la watu nikarudi Mlabani.

Usiku huo nilijitukana na kujituliza kwa zamu. Nilijiambia mzee amechanganyikiwa kwa furaha, itapita. Nilijiambia pia, Mungu anisamehe, kwamba sasa hana tena sababu ya kubaki kule. Asubuhi nikakodi kirikuu cha kubebea vyombo, nikatandika kitanda chumbani kwake, nikaenda kumchukua mama yangu.

Nilimkuta barazani, nywele amezisuka upya, uso umenyooka kama umepunguziwa miaka thelathini. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumsikia mama akicheka kwa sauti, na kwa dakika nzima nilisimama kwenye njia nikimsikiliza kwa raha kabla sijaona mkeka. Juu yake kulikuwa na sahani mbili za wali, zote zimeliwa, na ile ndogo ilikuwa na alama za vidole.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Aliinua macho. Alinitazama kwa upole wa mtu mwenye adabu.

"Marahaba. Karibu, mgeni. Umetokea wapi?"

Nikamwambia ni mimi, Digna. Nikamwambia nimekuja kumchukua, chumba kiko tayari, gari liko barabarani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza kichwa pembeni kidogo kama anayejaribu kumkumbuka jirani wa zamani, akashindwa, akaona aibu kwa niaba yangu. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikasema mimi ni mtoto wako, mama, mimi ndiye niliyekaa na wewe siku zote.

"Pole, mama," alisema, na alinihurumia kweli. "Umepotea nyumba. Mimi nina huyu mmoja tu. Mungu akipenda atanipa mwingine."

Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, ambayo bado ilikuwa na unyevu. Kisha akageukia ndani, kwenye giza la mlango, akaita kwa sauti ya mama anayemfundisha mtoto wake heshima.

"Resti. Mletee mgeni kiti."

Kiti kikaanza kuburutwa sakafuni, polepole, kwa nguvu za mtoto, mpaka kikafika miguuni pangu. Nikasema asante, nikakaa.