Boksi la Mia Sita na Moja

Mkaguzi wa forodha alitaka kufungua maboksi kumi tu, agonge muhuri, akapumzishe miguu. Karatasi zilisema mia sita, na yeye hakuwa na ugomvi na karatasi. Aliyeng'ang'ania kuhesabu yote alikuwa Mama Stempu, wakala wa mizigo ya misaada, miaka ishirini na miwili kazini na magoti yaliyokwisha kuichoka kazi yenyewe. Hakuwahi kutia saini kitu asichokihesabu, na hilo alijivunia kama wengine wanavyojivunia watoto wao.

Basi akahesabu. Yakatoka mia sita na moja.

Mia sita yalikuwa maziwa ya tiba, ya watoto waliodhoofu kwa njaa kambini. La ziada lilijaa vidubu vya kuchezea, na juu yake kadi iliyoandikwa kwa mkono: zawadi kutoka kwa wafungashaji wa huko mzigo ulikotoka. Wema hauozi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi forodhani.

"Hili mimi sikuliona, mama," mkaguzi alinong'ona. "Na wewe hukuliona."

Alikuwa amechelewa. Mama Stempu alishaandika 601 kwenye kishikwambi na kutuma, mkono ukitangulia akili kama ulivyozoea. Mfumo ukaufunga mzigo wote palepale. Sasa ilitakiwa orodha mpya kutoka kwa mtumaji, na barua mpya ya msamaha wa kodi kutoka wizarani. Siku tisa, mambo yakienda vizuri, na huko wizarani mambo hayajawahi kwenda vizuri.

Mama Stempu akaketi juu ya boksi la vidubu, akampigia mdogo wake, muuguzi wa kule kambini.

"Dada! Lori limeshaondoka?"

"Bado. Siku tisa."

"Tisa? Nina maziwa ya siku nne, dada, tena nikiwapunja."

"Limetokea boksi la ziada. La vidubu."

"Nani kaliona?"

Angeweza kumsingizia mkaguzi, lakini alikuwa amechoka mno hata kwa uongo mdogo.

"Mimi. Nilihesabu."

Mdogo wake hakufoka, na afadhali angefoka.

"Haya, dada," alisema. "Basi siku ya tano uje. Uje unihesabie na hawa watoto."